Kulala Mivumoni

Mgeni akishuka garini, swali lake la kwanza si la historia. Huuliza choo kiko wapi. Basi nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kutembeza wageni, kabla hamjakariri nani alijenga nini, jifunzeni vyoo. Jueni kipi kina maji, kipi mlango wake haufungi, na mwenye ufunguo akienda sokoni humwachia nani. Hayo mengine ya misikiti ya kale na pembe za ndovu yatakuja yenyewe.

Mimi ni Kazungu, wa Mishomoroni. Kazi hii nimeifanya mpaka magoti yakanikataza. Zamani watu wa pwani walituita magaidi, wakimaanisha hao waongozao wageni, na hakuna aliyeshtuka. Siku hizi neno limeharibika. Ukijitambulisha hivyo kwenye kizuizi cha polisi, wageni watarudi hotelini bila wewe. Mwenyekiti wa chama chenu aliniomba nije nizungumze nanyi. Mikutano siiwezi, nikisimama mbele ya watu waliokaa kwenye viti najiona niko mahakamani. Nimeona heri niandike.

Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa na safari nyingi, lakini mimi nilipewa moja na nikazeeka nayo: Mivumoni. Kama hamjafika, Mivumoni ni mji mdogo wa kale ulio chini ya Magongo. Unaiacha barabara ya malori, unapita maghala na viwanja vya makontena, unateremka kwenye njia ya mchanga mpaka unaona minara miwili midogo na maji. Sisi huyaita mto, ingawa ni bahari iliyoingia ndani ya nchi, inajaa na kupwa, na ng'ambo yake ni mikoko mitupu. Kuna msikiti wa mawe, makaburi yaliyonakshiwa, visima, na nyumba za ghorofa ambazo sasa nyingi ni kuta tu.

Gari liliwachukua wageni katika hoteli za pwani ya kaskazini asubuhi, likapita Kisauni, likavuka daraja, likanyanyasika kwenye foleni ya Changamwe, na kutufikisha Mivumoni jua likiwa limeshapanda. Tunazunguka, tunakula chakula cha mchana, tunapiga picha, na kabla ya alasiri tumeshaondoka ili wageni wasikose chakula cha jioni walichokilipia hotelini. Ndivyo ilivyokuwa, miaka na miaka.

Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya kaburi moja kubwa na kundi la Wataliano, nikawaambia kwamba hapo amezikwa sultani aliyekuwa na merikebu nyingi. Habari hiyo nilikuwa nimeitunga garini, tulipokwama Changamwe. Dirisha la juu la nyumba ya pili likafunguka, bibi mmoja akatoa kichwa.

"Wewe kijana! Huyo ni babu wa mume wangu. Alikuwa akichoma chokaa."

Wataliano wakataka kujua bibi amesema nini. Nikawaambia ametukaribisha.

"Na merikebu hakuwa nayo," akaongeza. "Alikuwa akiogopa maji."

Huyo ndiye Bi Zuhura. Alinikaribisha kweli, akaniketisha jikoni kwake baada ya wageni kula, akanieleza kila kaburi na mtu wake: huyu alikuwa mkali, huyu aliimba vizuri, huyu alioa mara nyingi hata majina ya wakeze yakampotea. Mengi niliyowaeleza wageni miaka yote hiyo yalitoka jikoni mwa Bi Zuhura. Kampuni ikapatana naye apike chakula cha mchana, na nyumba yake ikawa sehemu ya safari. Alikuwa mjane tangu zamani. Watoto wake walikuwa wamehamia mjini na Likoni, na ile nyumba ya ghorofa alibaki nayo peke yake, yeye na kuku.

Juu kulikuwa na chumba cha kulala chenye dirisha la kuangalia mto, na ndani yake kitanda cha samadari, kile cha zamani cha nguzo nne, kirefu hata unapanda kwa kigoda. Kila safari nilipandisha wageni pale. Kila safari kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi iliyonyooshwa, na asumini imemwagwa juu ya mito. Nilidhani ni kwa ajili ya picha. Wageni walipiga picha, wakashuka.

Tukiwa tunaondoka, Bi Zuhura husimama mlangoni. "Mwaenda tena?"

"Twenda, Bi Zuhura. Wageni watangojwa hotelini."

"Haya. Mwaja na mwaenda, kama waliojia kaa la moto."

Sikulitilia maanani neno hilo. Kazi hii ina upweke wake ambao hakuna atakayewaambia. Unakaa na watu tangu asubuhi, wanacheka nawe, wanakushika bega kwenye picha, wanakuambia wewe ni rafiki yao wa kwanza Mwafrika. Jioni wanashuka hotelini hawageuki nyuma. Hawana kosa, wanakimbilia kuoga. Wewe unateremka kituoni Kisauni na koo limekauka kwa kuongea, na unagundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyekuuliza hata jina la mkeo. Mke wangu Sidi alikuwa akinikuta nimekaa kimya kwenye kochi, akisema, "Umewapa wote maneno, mimi umeniletea kiatu chenye mchanga."

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Gitonga.

Alikuja na kundi la wageni wa bara, watu wa kwetu Kenya hii hii, wakati wa likizo. Alikuwa mkulima wa viazi kutoka Kinangop, mtu mrefu, amevaa koti zito la sufu katika joto la Mombasa, jasho linamtiririka lakini koti halivui. Watoto wake walikuwa wamewalipia wazazi wao safari ya pwani, baba na mama, kwa kuwa hawakuwahi kuiona bahari. Mama akafa kabla ya siku kufika. Watoto wakamwambia baba aende tu, asikae nyumbani akiangalia ukuta.

Habari hiyo nilikuja kuijua baadaye. Nilichokiona siku ile ni kwamba kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu, na kila tulipogawa maji utingo alimpa chupa mbili, kwa sababu kule hotelini aliandikishwa kwamba wako wawili. Mara ya kwanza alisema, "Tuko mmoja." Mara ya pili alizipokea zote mbili, akaiweka moja kwenye kile kiti kitupu.

Mivumoni alitembea nyuma ya wenzake. Makaburini aliniuliza swali moja tu, kama udongo ule unashika maji. Tulipopanda chumbani kwa Bi Zuhura, wenzake wakapiga picha wakashuka kula, yeye akabaki amesimama mbele ya kitanda. Bi Zuhura alikuwa mlangoni akingoja afunge.

"Mama," Gitonga akasema, "nani analala hapa?"

"Bado hajapatikana."

"Na haya maua umewekea nani?"

Bi Zuhura akanitazama, kama anayeniuliza iwapo ajibu. "Mgeni," akasema. "Mimi kila siku ya safari hutandika kitanda, kwa kuwa sijui katika nyinyi ni nani aliyechoka. Lakini wote huwa wana nguvu za kurudi."

Wallahi nilikuwa nimekiona kitanda kile miaka yote na sikujua kwamba kilikuwa kikimngoja mtu.

Gitonga akavua koti. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kigoda. "Mimi nimechoka," akasema.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Kanuni ya kampuni ilikuwa moja, na haikuwa na mlango wa nyuma: mgeni aliyetoka na gari hurudi na gari. Nilimwomba, nikambembeleza, nikamweleza habari za chakula cha jioni. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini, ametulia kama mtoto aliyekataa kwenda shule. Nikampigia simu meneja.

"Umechanganyikiwa?" meneja akasema. "Akipotelea huko? Akiugua? Mrudishe, Kazungu, au na wewe usirudi."

Gitonga akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Bwana," akasema polepole, "mimi ni mtu mzima. Nimezika bibi yangu mwezi uliopita. Hiyo niliweza. Kulala siwezi kushindwa." Akanirudishia simu. Meneja akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Basi ukae naye. Lakini kesho uje ofisini."

Dereva akaondoka na wengine. Nilisimama njiani nikaliangalia gari likipanda kilima na vumbi lake, na mara ya kwanza tangu nianze kazi niliiona Mivumoni bila gari letu. Nikampigia Sidi kumwambia sirudi.

"Umepotea?" akaniuliza, akicheka.

"Niko Mivumoni."

"Huko si ndiko unakokwenda kila siku? Imekuwaje leo pamekushika?"

Nikamwambia nitamweleza kesho.

Sasa sikizeni, hapa ndipo nataka kuwaeleza jambo la kazi. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba Mivumoni ni mji uliokufa. Lilikuwa neno zuri, walipenda kulisikia. Mchana kweli hupaoni mtu, labda mzee mmoja kwenye baraza na mbuzi wawili. Jua lilipoanza kulegea nikasikia pikipiki. Ikaja moja, ikaja nyingine, halafu zikawa mfululizo. Wakashuka vijana wa bandarini na nguo zao za kazi, wasichana wa viwandani, akina mama wenye maduka Magongo, wanafunzi na mikoba. Milango niliyoidhani ni ya magofu ikafunguliwa. Taa zikawaka ndani ya kuta nilizowaambia Wataliano kwamba hazina wenyewe. Maji yalikuwa yamekupwa, watoto wakashuka kwenye tope gumu la mtoni wakaanza mpira, matope mpaka nyusini. Moshi wa mkaa ukapanda kila upande. Mji haukuwa umekufa. Ulikuwa umekwenda kazini.

Jamaa mmoja wa makamo yangu alinipita, akarudi, akaniamkia kwa adabu.

"Habari za jioni, ndugu. Mgeni wa wapi wewe?"

Mimi, mgeni! Nilikuwa nimekuja pale mara zisizohesabika, najua majina ya babu zake waliozikwa, na yeye hakuwa amewahi kuniona hata siku moja. Nikamwambia natoka Mishomoroni. "Karibu," akasema. "Tembea tembea, uone mji wetu." Akaniacha nimesimama karibu na kaburi la mchoma chokaa, nimeshika kofia yenye jina la kampuni.

Niliporudi kwa Bi Zuhura sikumkuta Gitonga. Nikaingiwa na hofu, nikatoka mbio, nikamkuta hatua chache tu, kwenye kikaango cha mama mmoja auzaye viazi karai. Alikuwa ameinama anakichunguza kiazi kibichi kama daktari.

"Hii ni mbegu ya shangi," alikuwa akimwambia yule mama. "Hii imetoka kwetu. Unanunua wapi?"

"Kongowea, sokoni."

"Inatoka kwetu inafika Kongowea, inafika hapa." Akakigeuza mkononi. "Lakini wamekuuzia yenye imekaa kwa jua. Unaona hii kijani? Hii usichukue. Wakikuletea gunia, ingiza mkono mpaka chini, usiangalie ya juu."

Yule mama akaita jirani yake aje asikie. Jirani akaja na gunia lake. Nusu saa baadaye mkulima wa Kinangop alikuwa ameketishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amezungukwa na wanawake wa Mivumoni na viazi vyao, anahukumu kimoja kimoja, na watu wanacheka. Kicheko chake mwenyewe kilikuwa kidogo, kama cha mtu anayejaribu kiatu kipya. Lakini kilikuwepo.

Baada ya swala ya Isha tulikula, Bi Zuhura akatuaga. Gitonga akapanda kwenye samadari, mimi nikawekewa kitanda cha kamba ukumbini, nje ya mlango wake. Mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya upepo. Nilikuwa karibu kupitiwa na usingizi nilipomsikia.

"Kazungu. Umelala?"

"Bado, Mzee."

"Ongea."

"Niongee nini?"

"Kitu chochote. Nyumbani bibi yangu alikuwa anaongea mpaka nilale. Vitu vya ng'ombe, vya kanisa. Sikuwa nasikiliza hata. Sasa ni kimya, siwezi kulala na kimya."

Mambo ya ng'ombe siyajui, ya kanisa najua kidogo. Nikaanza nilichokijua. Nikiwa nimelala chali gizani, nikaanza maelezo ya safari tangu mwanzo: karibuni Mivumoni, mji huu ulijengwa na watu waliokuja kwa biashara, hapo kulia mnaona kisima, maji yake ni baridi hata wakati wa kaskazi. Nikapita msikitini, nikapita makaburini, nikaeleza mchoma chokaa aliyeogopa maji. Nilipofika kwenye nyumba hii, ghorofa hii, chumba hiki, nikasikia pumzi zake zimekuwa nzito. Nikaendelea kidogo tena, kwa sauti ya chini, nisimwamshe kwa kunyamaza ghafla.

Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo safari niliyoitembeza vizuri kuliko zote.

Alfajiri maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi za mawe. Gitonga alishuka akiwa na koti mkononi. "Nimelala," akatuambia, kama anayetoa habari kubwa, na ilikuwa kubwa. Bi Zuhura akatuwekea mahamri na mbaazi. Walikaa wakitazamana, mimi katikati.

"Mama, mzee wako alienda lini?" Gitonga akauliza.

"Zamani. Kitindamimba wangu alikuwa bado hajatembea."

"Unazoea?"

Bi Zuhura akalivuta birika karibu. "Mwaka mzima nilikuwa nikipika chai ya watu wawili, kisha naimwaga. Siku moja nikajikuta nimepika ya kikombe kimoja. Siku hiyo ndiyo niliyolia kuliko siku ya maziko. Kuzoea nako ni msiba, baba." Akammiminia tena. "Lakini chai sasa siimwagi."

Gitonga akaitikia kwa kichwa, akanywa.

Ofisini niliondolewa kwenye safari, nikawekwa kubeba mizigo ya wageni uwanja wa ndege. Nikajua ndiyo basi. Ila Gitonga alikuwa na siku zake zilizobaki hotelini, na mtu aliyelala vizuri huongea. Kila mezani alipokaa alisimulia viazi karai na mji unaorudi jioni. Wageni wakaanza kuuliza kwa nini wao hawakupewa hiyo. Meneja aliponiita tena hakuomba radhi, mameneja hawana mazoea hayo. Alisema tu, "Hiyo ya kulala, unaweza kuipanga?"

Nikaipanga, na niliyojifunza nawapa bure. Mgeni akilala mahali, usimpangie jioni. Mwoneshe choo, mwoneshe neti ya mbu, mwambie afunike mabega na asielekeze kamera kwenye sahani za watu, kisha ondoka machoni pake. Mwache apotee kidogo. Mji ule hauna pa kupotelea. Msiwaletee ngoma. Kuna mwenzangu aliwahi kuleta ngoma, watu wa Mivumoni walitoka majumbani wakidhani kuna harusi ambayo hawakualikwa, ikawa ugomvi. Na aliyekuja peke yake msimhurumie mbele ya watu. Mpe kazi. Mwambie akabebe maji, akachambue mchele.

Siku hizi najua mambo yamebadilika. Mgeni huchagua nyumba kwenye simu kabla hajapanda ndege, na akiondoka huandika nyota. Bi Zuhura alipoambiwa amepewa nyota aliuliza aziweke wapi.

Gitonga akawa anarudi kila baada ya mavuno, na gunia la viazi chini ya basi. Hakuwa mgeni tena, alipanda juu bila kuoneshwa njia. Mwaka mmoja nilimpeleka Sidi pia. Tulilala kwenye samadari ile, akapanda kwa kigoda akicheka hata akashuka tena kwa kukosa nguvu. Jioni alikaa kwenye ngazi za mto na wanawake wa pale mpaka nikamfuata. "Kumbe hapa ndipo ulipokuwa ukiyaacha maneno yako," akaniambia. Namshukuru Mungu kwa siku ile.

Sidi aliniacha mwaka niliostaafu. Sitaieleza habari hiyo, hamkuniomba. Nitasema tu kwamba watoto walikuja wakazika wakarudi Nairobi na Doha kwenye kazi zao, na nyumba ya Mishomoroni ikawa na vyumba vingi kuliko nilivyokumbuka. Jioni moja simu ikalia. Ni Gitonga. Hakunipa pole, pole alishanipa kanisani siku ya maziko.

"Umelala?"

"Bado."

"Basi mimi nitaongea," akasema. Akaanza: mvua zimechelewa, ng'ombe mmoja hali vizuri, mjukuu anataka kuuza shamba anunue pikipiki. Sijui aliishia wapi. Nilipoamka kulikuwa kumekucha na simu iko kifuani. Alifanya hivyo majuma mengi. Bado hufanya, mara moja moja, ingawa masikio yake sasa hayasikii nikimjibu.

Mvua za masika za juzi juzi ziliipasua nyumba ya Bi Zuhura. Ukuta wa upande wa mto ulifunguka, unaweza kuingiza mkono. Watoto wake wakaja wakasema haiwezekani. Wakamchukua, wakampeleka Likoni kwa binti yake Mwanaisha, kwenye nyumba nzuri ya matofali yenye umeme na maji ndani. Kuku waligawiwa majirani. Samadari haikupita mlangoni ikiwa nzima, ikafunguliwa vipande, na hakuna aliyeweza kuiunga tena.

Mwezi uliopita nikavuka feri kwenda kumwona. Mwanaisha yuko kazini mchana, wajukuu shuleni. Nilipiga hodi sana. Akanifungulia mwenyewe, amekonda, amevaa buibui nyumbani kama mtu aliye safarini.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, Kazungu mwanangu. Ndoo ndani, ukae."

Tulikaa. Televisheni ilikuwa ikionesha watu wakigombana kwa Kihindi, akaniambia wanaiacha wazi ili asiwe peke yake. Nikamwuliza anaionaje Likoni. Akasema hana la kulalamika, anatunzwa, anakula. Kisha akasema jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kumwuliza.

"Mimi nimezaliwa huku."

"Huku Likoni?"

"Huku Mtongwe, hapo nyuma tu. Mivumoni niliolewa. Nilivushwa nikiwa mwari, sijui kuwasha jiko. Sasa nimerudishwa karibu na nilipozaliwa, na hapana hata mmoja anijuaye." Akaitazama ile televisheni. "Watoto wangu hawajawahi kupaona. Kila siku wana haraka."

Nikasimama. Nikamwambia, "Bi Zuhura, mimi sina haraka. Sina pa kuwahi kabisa. Nipeleke nikapaone."

Akanitazama kuona kama namchezea. Kisha akaingia ndani akatafuta mkongojo.

Tulikwenda polepole, amenishika mkono, juani. Alianza vizuri. Hapa palikuwa na kisima cha fulani, akasema, na pale palikuwa na duka la vyuma na mabati. Hapa ndipo tulipochezea kibe, na hapo pamejengwa kanisa. Nilimsikiliza kama nilivyokuwa nikitaka wageni wangu wanisikilize. Tukapinda kichochoro kimoja, tukarudi, tukapinda kingine, hata akasimama mbele ya ukuta mrefu wenye lango la chuma, akauweka mkono wake pale ukutani.

"Ni hapa," akasema. Kisha, "Au ni pale."

Akageuka, akaangalia nyuma tulikotoka. Lango likafunguka kidogo, mwanamke kijana akachungulia na simu sikioni.

"Mwatafuta nani?" akauliza.

Bi Zuhura akajinyoosha. Akaweka mtandio wake sawasawa kichwani.

"Hatutafuti mtu," akasema. "Namtembeza mgeni wangu."

Yule mwanamke akasema haya, akafunga lango. Bi Zuhura akaushika mkono wangu vizuri zaidi, akanielekeza kwenye ule ukuta, akaanza kunieleza mamake alikuwa mtu wa namna gani.